Kula Mahajanga: masikita ya Bord, khimo, na mtego wa kisamvu

Mahajanga, ambayo Wafaransa waliiita Majunga, iko kaskazini-magharibi mwa Madagaska, pale mto Betsiboka unapomwaga maji yake mekundu katika ghuba ya Bombetoka. Majeshi ya Ufaransa yalishuka hapa mwaka 1895 yakielekea Antananarivo, na utawala wao ukadumu hadi 1960. Ila jiko la mji huu lina asili ya zamani zaidi. Mji uliinuka katika karne ya 18 mikononi mwa Waantalaotra, wafanyabiashara Waislamu wa mwambao huu wenye damu na biashara ya Uswahilini, kisha wakaongezeka Wangazija na Wahindi. Ndiyo maana mtu wa Mombasa au Unguja hapotei mbele ya majiko yake: masikita ni mishikaki, makamba ni kamba, akoho ni kuku, omby ni ng'ombe. Hata mtaa wa Mahabibo una jina la mabibo yaleyale ya mkorosho.

Kwa hiyo shauri la kwanza ni kula chakula cha pwani. Mgeni anayekaa siku mbili akila nyama ya kukaanga na chipsi katika vyumba vya kulia vya mtindo wa Kifaransa ataondoka na kumbukumbu ya chakula ambacho angekipata popote.

Anzia Bord, barabara ya ufukweni ambako mbuyu mkubwa umesimama katikati ya njia panda. (Ni mbuyu wa Afrika bara, si wa zile aina za Madagaska penyewe, inaaminika uliletwa na wasafiri wa bahari.) Jua huzama baharini kati ya saa kumi na moja na nusu na saa kumi na mbili na nusu jioni, kutegemea mwezi, na hapo ndipo majiko ya mkaa yanapopangwa. Usikimbilie meza ya kwanza. Makaa yakiwa bado meusi na yanatoa miali, nyama inababuka nje na kubaki mbichi ndani. Subiri yafunikwe na jivu la kijivu. Vijiti vya masikita ya hapa ni vifupi, vipande vyenyewe vidogo kama ncha ya kidole, na kati ya nyama na nyama huchomekwa kipande cha mafuta. Mafuta hayo ndiyo siri yote, kwa sababu nyama ya ng'ombe wa nundu ni kavu. Yakiyeyuka taratibu, nyama inalainika. Yakidondoka na kuwasha moto, masizi yanapanda na kila kijiti kinakuwa kichungu. Mchomaji mzuri utamjua kwa mkono usiotulia: anageuza, anasogeza pembeni, anapepea kidogo tu.

Kinachoharibu Bord ni vijiti vilivyochomwa nusu mapema vikawekwa kando kusubiri wateja. Vinatambulika: mafuta yake yameganda na kuwa meupe, na nyama imesinyaa ikaacha ncha za kijiti wazi. Onyesha vibichi kwa kidole, na agiza vitano vitano badala ya kumi na tano kwa mkupuo, maana vikipoa vinakuwa mpira. Huja na lasary, yaani achari ya papai bichi au embe bichi lililokunwa, pamoja na sakay, pilipili ya kusaga yenye tangawizi na kitunguu saumu. Sakay iguse kwa ncha ya kijiko kwanza. Lasary nzuri bado inalia kwenye meno. Ikiwa imelegea na inaogelea majini, iache.

Chakula cha pili ambacho hakuna ruhusa ya kukikosa ni khimo. Kwa Mzanzibari, hii ni kima: nyama ya kusaga iliyopikwa na vitunguu, nyanya, bizari na viazi vilivyokatwa vidogo, ikaliwa na mkate. Ni alama ya Mahajanga, na watu wa miji mingine ya Madagaska wakija huitafuta. Tazama sufuria kabla ya kukaa. Khimo iliyoiva mafuta yake yamejitenga pembeni na rangi ni ya kahawia iliyokolea. Yenye maji juu na viazi vingi kuliko nyama imerefushwa ili itoshe watu wengi. Mkate wake ni ule mrefu wa Kifaransa, na hapa lazima Wafaransa wapewe haki yao: ukiwa wa siku hiyohiyo, ganda kavu na ndani laini, unafyonza mchuzi wa khimo bila kumeguka.

Mchana nenda hotely. Neno hilo lina maana ileile ya hoteli katika Kiswahili cha mtaani: pa kula, si pa kulala. Msingi ni wali, vary, unaojazwa sahani hadi juu, na kitoweo, laoka, kinachochaguliwa kwa kunyoosha kidole kwenye masufuria. Mara nyingi huongezwa kibakuli cha mchuzi mwepesi wa majani, ambao kazi yake ni kulowesha wali. Fika saa sita. Sufuria nzuri huisha mapema, na kinachobaki saa nane ni kile ambacho wenyeji wamekiruka. Kilicho bora hapa ni chochote chenye nazi, voanio: kuku wa nazi, samaki wa nazi, au maharage ya kabaro, mapana na meupe, yaliyopikwa kwa nazi na bizari hadi tui likashika.

Sasa mtego wenyewe. Utaona sufuria ya majani ya muhogo yaliyotwangwa, kijani iliyoiva, na moyo utasema kisamvu hiki. Jina lake ni ravitoto, na kwa mapishi ya bara la kisiwa hupikwa na nyama ya nguruwe, tena yenye mafuta. Mwislamu, au yeyote asiyekula nguruwe, aulize kabla ya kijiko kuzama. Neno la kukumbuka ni henakisoa, nyama ya nguruwe; hen'omby ni ya ng'ombe. Wapishi wenye asili ya Kingazija hupika majani hayohayo kwa nazi na kuyaita mataba, na hayo ndiyo yanayokaribiana na kisamvu cha kwetu. Mji una Waislamu wengi, kwa hiyo maduka na vyumba vya kulia vinavyoandika halali havihitaji kutafutwa sana.

Mahajanga pia ni bandari ya meli za kuvua kamba, na makamba ya kuchoma yanastahili pesa zako kwa sharti la kuyaona yakiwa mabichi. Kichwa kishikilie mwili, kisiwe na weusi, na kusiwe na harufu kali inayopanda puani. Wakubwa huiva kwa dakika mbili au tatu kila upande. Aliyejikunja nusu duara ameiva sawasawa. Aliyejikunja hadi mkia ukagusa kichwa amekauka. Kaa wa mikoko, drakaka, mnunue akiwa hai na umpime mkononi. Mwepesi kuliko ukubwa wake ametoka kujivua gamba, na ndani utakuta maji badala ya nyama. Kwa samaki wa kuchoma karibu na mchanga, panda bajaji (nao huita bajaj) uende upande wa Amborovy, lakini agiza ndipo uende kuogelea, maana saa nzima ya kusubiri ni kawaida.

Kuna sahani moja ya mitaani tusiyoishauri: kompoze, mchanganyiko wa makaroni, viazi, karoti na mayonezi. Asubuhi na mapema haina neno. Baada ya saa tano, katika joto la Mahajanga, mayonezi iliyokaa mezani bila barafu ni njia ya moja kwa moja ya kuharisha.

Kuhusu malipo, beba noti ndogo za ariari. Ariari ilichukua nafasi ya faranga mwaka 2005, lakini wauzaji wengi, hasa sokoni, bado hutaja bei kwa faranga ya zamani, fmg. Faranga 5 ni ariari 1. Ukiambiwa elfu tano kwa kitu kidogo, uliza ni ariari au fmg kabla ya kukasirika au kulipa mara tano.

Kinywaji cha mlo ni ranovola. Wali ukishapakuliwa, ukoko uliobaki chini ya sufuria huunguzwa kidogo, humiminiwa maji na kuchemshwa hadi yawe ya rangi ya chai. Ranovola ina ladha ya moshi na wali, na kwa kuwa imechemshwa ni salama kuliko maji ya jagi. Omba ya moto, useme mafana.