Nilitoka petroli nikaingia dizeli: miaka minne na gari la fowili

Kabla ya kununua gari nililonalo sasa nilikaa karibu miezi mitatu nikizunguka swali moja: niongeze pesa nipate injini ya dizeli, au nichukue ya petroli kama niliyoizoea? Gari lenyewe lilikuwa lile lile, bodi ile ile, difu zile zile, springi zile zile. Tofauti ilikuwa injini tu. Lile la petroli nililitumia miaka 6. Hili la dizeli limefikisha miaka 4 na kilomita 96,000, nyingi zikiwa za changarawe, mchanga na njia za mawe ambazo gari dogo halipiti. Kwa hiyo ninayoyaeleza nimeyapata kwenye usukani.

Nianze na kile kilichonifurahisha tangu siku ya kwanza. Kuna mlima mmoja wa mawe ninaoupanda mara kwa mara. Kwa petroli nilikuwa naweka gia nzito, nakanyaga mafuta hadi injini ifike raundi 3,000 hivi kwa dakika, na hapo ndipo taabu inapoanza: nikifika kwenye jiwe gari linasita, nikiongeza mafuta tairi linateleza ghafla, mawe yanarushwa nyuma, na mwili wa gari unaruka. Kwa dizeli, mlima ule ule naupanda raundi zikiwa 1,200. Tairi linalikumbatia jiwe, linajivuta taratibu, linashuka upande wa pili. Mguu wangu karibu haufanyi kazi.

Sababu yake inaeleweka. Kinachohitajika kwenye njia mbaya ni torki, yaani ile nguvu ya kuzungusha, na inatakiwa ipatikane injini ikiwa inazunguka polepole. Chukua Toyota Prado ya kizazi cha 150, ambayo kuna masoko iliuzwa kwa injini zote mbili. Ile ya petroli ya lita 2.7 ina torki ya Nm 246 hivi (Nm ni nyutonimita, kipimo cha torki), na kilele chake hukipata karibu na raundi 4,000. Dizeli ya lita 2.8, toleo la nguvu farasi 204, hutoa Nm 500 kuanzia raundi 1,600. Ni zaidi ya mara mbili, tena mapema kabisa. Hakuna anayepanda mawe kwa raundi 4,000 akabaki na matairi mazima.

Hata hivyo, usiisome namba ya torki peke yake ukadhani umemaliza. Jeep Wrangler ilipata dizeli ya V6 ya lita 3.0 kwa soko la Marekani kuanzia modeli ya 2020: nguvu farasi 260 na torki ya takriban Nm 600, dhidi ya farasi 285 na Nm 353 za petroli ya lita 3.6. Kwenye karatasi ni ushindi mkubwa. Lakini uwezo rasmi wa kuvuta tela kwenye ile ya milango minne ulibaki pauni 3,500, sawasawa na wa petroli, kwa sababu kikomo hapo hakiwekwi na torki peke yake. Tena dizeli ile haikuuzwa na gia za mkono. Baada ya modeli ya 2023 ikaondolewa. Aliyeilipia kwa ajili ya tela peke yake aliongeza pesa bila kuongeza kilo hata moja ya mzigo.

Na uzito upo. Injini ya dizeli hugandamiza hewa mara 15 hadi 18, kwa hiyo bloku, kichwa na krenki lazima viwe vinene. Uzito huo unakaa mbele, na kwenye mchanga laini nauhisi: pua inazama haraka kuliko ya lile la petroli, hivyo napunguza upepo wa matairi mapema zaidi. Kwenye mteremko pia kuna imani ninayotaka kuirekebisha. Watu husema dizeli hushikilia gari vizuri zaidi kwa kuwa mgandamizo wake ni mkubwa. Lakini hewa iliyogandamizwa hurudisha nguvu kama springi, na dizeli nyingi huwa hazibani njia ya hewa kama petroli inavyobana ukiachia mafuta. Kwenye mteremko mrefu lile la petroli lilinishikilia vizuri zaidi. Kinachoniokoa kwa hili ni gia nzito na kutokuwa na haraka.

Sasa mafuta, ambako ndiko wengi huanzia. Kwenye safari zangu za kawaida lile la petroli lilikunywa lita 14.2 kwa kila kilomita 100. Hili linakunywa 10.6. Nimeokoa lita 3.6. Bei ya ziada niliyolipa kwa injini niliigeuza kuwa lita, na ikawa sawa na lita 4,100 za petroli. Ukizigawa, ukichukulia mafuta yote mawili yana bei moja, unahitaji kilomita 114,000 kabla pesa yako haijarudi. Bado hujahesabu sevisi: hili linataka lita 7.5 za oili badala ya 5.5, na filta ya dizeli naibadilisha kila kilomita 20,000. Kwa hesabu yangu nitafika karibu kilomita 130,000 ndipo niseme nimerudisha. Anayeendesha kilomita 10,000 kwa mwaka atasubiri miaka 13. Mahali ambapo dizeli ni ghali kuliko petroli, atasubiri zaidi. Zaidi ya hayo, sehemu ya upungufu huo inatokana na mafuta yenyewe, kwani lita ya dizeli ina nishati zaidi ya petroli kwa kati ya asilimia 10 na 15, na ikiungua hutoa takriban kilo 2.7 za kaboni dioksidi dhidi ya 2.3. Kwa hiyo faida kwa hewa ipo, lakini ni ndogo kuliko lita zinavyoonyesha.

Nilipoacha kuhesabu pesa nikahesabu umbali, ndipo nilipoona nilichonunua. Kwenye gia nzito, siku nzima ya mawe na mchanga, lile la petroli lilikuwa linafika lita 27 kwa kilomita 100. Hili halijawahi kuzidi 16. Tangi ni la lita 80 kwa magari yote mawili. Yaani petroli ilinipa kilomita 300 hivi porini, dizeli inanipa 500. Zile 200 za katikati ndizo zinazoamua kama utageuka nyuma saa nane mchana au utaendelea mpaka mwisho wa njia. Zamani nilibeba jerikeni nne. Sasa nabeba moja, na usingizi wangu kambini umekuwa wa amani, maana mvuke wa dizeli hauwezi kuwaka kwa cheche mpaka mafuta yapate joto la zaidi ya nyuzi 50, ilhali petroli hutoa mvuke unaowaka hata kwenye baridi ya kugandisha maji. Jerikeni ya petroli juu ya keria, chini ya jua kali, na watoto wamekaa ndani ya gari, ilikuwa hofu niliyoishi nayo miaka 6.

Kuvuka maji: dizeli haina plagi za cheche wala koili za kulowana, na hilo linasaidia. Lakini maji yakiingia kwenye njia ya hewa, kwa mgandamizo ule konrodi, chuma kinachounganisha pistoni na krenki, huweza kupinda mara moja. Fungeni snokeli, bomba linalovuta hewa ya injini kutoka juu usawa wa paa.

Sasa niseme lililoniuma. Mwaka wa pili nilibadilisha kazi, na kwa miezi 7 gari likawa la kwenda kilomita 5 asubuhi na kurudi 5 jioni. Nililiona limepumzika. Taa ya chujio la masizi ikawaka, nikaipuuza wiki mbili, gari likaanza kukosa nguvu, mwisho likajifunga lisizidi mwendo mdogo. Nikaenda gereji. Fundi hakugusa kitu kwanza, aliniuliza tu: “Kaka, hili gari kwa siku linatembea umbali gani?” Nilipomjibu akanyamaza kidogo, kisha akanionyesha kijiti cha oili. Oili ilikuwa imepanda juu ya alama.

Alichonieleza nimekikariri. Chujio lile hukusanya masizi ya moshi, kisha injini huongeza joto hadi karibu nyuzi 600 ili iyachome. Kazi hiyo inahitaji dakika 15 hadi 20 za mwendo usiokatika. Mimi nilikuwa nazima gari katikati ya kazi kila siku. Dizeli ya ziada iliyopulizwa ili kupandisha joto ikashuka pembeni mwa pistoni na kuchanganyika na oili. Nililipa kusafishwa kwa chujio, oili mpya na sensa moja. Tangu hapo kila wiki lazima gari lipate angalau nusu saa ya barabara ndefu, hata kama sina pa kwenda. Na porini nimeongeza tabia nyingine: nikisimama kwenye nyasi ndefu zilizokauka, nachungulia kwanza uvunguni. Joto lile lipo karibu na ardhi, na nyasi zilizonasa kwenye ekzosi zinaweza kuwaka.

Kuna pia maji ya urea, yale yenye urea asilimia 32.5, yanayopunguza sumu kwenye moshi. Yakiisha kabisa, ukizima gari haliwaki tena. Safari ndefu nabeba lita 10 za ziada. Na usafi wa mafuta ni jambo la kulichukulia kwa uzito mkubwa: pampu husukuma dizeli kwa mgandamizo unaoweza kufika bari 2,000, kupitia nozeli zenye matundu membamba sana, na dizeli hiyo hiyo ndiyo inayolainisha pampu. Maji au petroli iliyowekwa kwa makosa yanaweza kuua vyote viwili. Kila mara nashuka na kuutazama mdomo wa pampu kabla mhudumu hajauchomeka.

Mtu atakayesema dizeli ya zamani haikuwa na mambo haya, amesema kweli. Injini ya Toyota 1HZ, silinda 6, lita 4.2, bila tabo, iliyoanza mwaka 1990, ina pampu ya kimakanika na haina chujio la masizi, na huvumilia mafuta ambayo injini yangu ingeyakataa. Lakini ina farasi 130 hivi, na moshi wake unauona. Ukinunua gari lenye dizeli ya kisasa kama langu hununui uvumilivu ule, kwa hiyo usiuhesabu katika uamuzi wako.

Ningerudi nyuma, ningechukua dizeli tena, kwa zile kilomita 200 na kwa mlima wa mawe. Mdogo wangu naye alikuja kuniuliza mwaka jana, akitaka gari kama langu. Nilimwomba kwanza aandike safari zake za mwezi mzima kwenye daftari. Zilikuwa za kilomita 6, kilomita 4, kilomita 8, na moja ya 140. Nikamwambia achukue petroli, na pesa iliyobaki anunue matairi mazuri na winchi. Alifanya hivyo. Mwezi uliopita tulipanda mlima ule pamoja, mimi mbele yeye nyuma, akafika juu dakika chache baada yangu, matairi yakinuka kidogo, na taa zote kwenye dashibodi yake zimezima.