Injini ya Dizeli ya Mtumba kwa Hilux ya Zamani: Ipi Ununue, Ipi Uiache

Hilux za 1988 hadi 1997, zile LN85 na LN106, bado zinabeba mkaa, saruji na mahindi kuanzia Kigoma hadi Kitui. Chasi yake ni ngumu. Kinachotangulia kuchoka ni injini, mara nyingi 2L ya cc 2,446 au 3L ya cc 2,779. Ikishaanza kula oili na kutoa moshi wa bluu, mwenye gari ana hesabu mbili za kupiga: achonge silinda na kuweka pistoni na ringi mpya, au aende Ilala (Dar es Salaam), Kirinyaga Road (Nairobi) au Kisekka (Kampala) kutafuta injini ya mtumba kutoka Japani. Hapa nazungumza na wale wa njia ya pili.

Bei anayokutajia muuzaji ni mwanzo tu wa matumizi. Injini isiyokaa kwenye giaboksi yako inakudai giaboksi nyingine. Giaboksi ngeni inakudai propela shafti ikatwe au irefushwe. Yenye kompyuta inakudai waya, sensa na fundi umeme aliyeiva. Kwa hiyo nimezipanga kwa gharama ya siku gari linapotoka gereji, na kwa urahisi wa kupata spea ukiwa mbali na mji mkubwa. Nguvu za farasi nimezitazama mwishoni.

Ya kwanza: 5L

Hii ni ndugu wa damu wa 2L na 3L. Silinda zimepanuliwa hadi milimita 99.5 na ujazo umefika cc 2,986, lakini inakaa kwenye giaboksi ileile ya 2L au 3L bila kuchonga chochote. Haina tabo, na ile ya kawaida haina kompyuta: pampu ya dizeli, nozeli nne, na waya wa kuzimia. Fundi aliyewahi kufungua Hiace ya daladala anaifungua hii akiwa anapiga stori. Nguvu haijazidi 3L kwa mbali, ila mlima unaupanda na mzigo bila kukimbilia gia ya pili mapema.

Angalia mambo mawili. Kwanza, nyingi zinazoletwa zimetoka kwenye Hiace, ambako injini inakaa chini ya viti vya mbele. Weka sampu yake (karai la oili la chini ya injini) pembeni ya sampu ya injini yako uzilinganishe, pamoja na bomba la kufyonzea oili, mikono ya mauntingi na manifodi. Visivyofanana, hamisha vya kwako. Ndiyo maana injini ya zamani haiuzwi chuma chakavu mpaka mpya iwake na gari litembee. Pili, ipo 5L-E, ambayo pampu yake inaendeshwa na kompyuta. Kwa macho blok ni ileile, na muuzaji hatakwambia kama hujauliza. Ukiona soketi za waya kwenye pampu zaidi ya ule mmoja wa kuzimia, huenda ndiyo hiyo. Mafundi wengi huifunga pampu ya kawaida ya 3L au 5L na kazi inaendelea, lakini pampu hiyo ni pesa, basi ipunguze kwenye bei.

Ya pili: 3L

Kama gari lako lilikuwa na 2L, utasikia tofauti. Kama lilikuwa na 3L, unarudi ulipokuwa, na si vibaya. Spea zake zimejaa kila duka na huwa nafuu kuliko 5L. Kwa anayezunguka mjini na mzigo wa wastani, sioni sababu ya kumsukuma aongeze pesa.

2L yenyewe naiacha nje ya orodha. Ile yenye tabo, 2L-T, ikimbie kabisa: silinda hedi yake inajulikana kwa kupasuka, na ukiikuta nzima leo hujui imebakiza siku ngapi.

Ya tatu: 1KZ-TE

Hapa ndipo vijana wanapopapenda. Ujazo ni cc 2,982, tabo ipo, na nguvu ni kati ya farasi 125 na 145 kutegemea toleo, wakati 3L ina kama 90. Toyota wenyewe waliifunga kwenye Hilux Surf KZN130 kuanzia 1993, kwa hiyo nafasi si tatizo kubwa. Ikikaa vizuri, gari linabadilika tabia.

Shida ni kwamba hununui injini peke yake. Unahitaji giaboksi yake, kompyuta yake na waya zake zote. Nunua nusu ya mbele ya gari iliyokatwa Japani, si injini iliyolala peke yake sakafuni. Na uangalie waya zilikatwa wapi: zikiwa zimekatwa kwa kisu sentimita chache kutoka kwenye injini, kompyuta utakayopewa mkononi haitakufaa kitu. Hakikisha pia kompyuta ni ya gari la gia za mkono kama ndivyo unavyofunga.

Jingine ni joto. Hedi yake ni ya aluminiamu na haisamehi. Rejeta ya 2L haitoshi. Weka kubwa, feni nzima, themostati mpya. Anayebeba mzigo kwenye mlima wa Sekenke au mteremko wa Mai Mahiu akirudi juu, na mshale wa joto hausomi vizuri, asifunge injini hii.

Ya nne: Nissan TD27 na QD32, Isuzu 4JB1

Ni injini nzuri kwenye magari yake. TD27 (cc 2,663) na QD32 (cc 3,153) zinatumia gia badala ya mkanda wa taimingi, na kwa gari la shamba hilo ni jambo la maana. 4JB1 ya cc 2,771 inasifika kwa kunywa kidogo. Lakini kwenye Hilux kila kitu kitatengenezwa: bamba la kuunganisha giaboksi, mauntingi, bomba la ekzosti, hadi geji. Fundi akikuambia "bosi, hiyo ni kazi ya siku mbili," muulize akuonyeshe gari alilofunga ambalo bado linatembea. Zifikirie kama umepewa injini bure au una pikapu ya Nissan imekufa uani.

Ya mwisho: 1KD-FTV

Hii ni ya Toyota pia, ya komoni reli, yaani dizeli inasukumwa kwa presha kubwa na kuongozwa na kompyuta. Nozeli zake ni ghali, na dizeli ya kwenye madumu inaziua. Kwa Hilux ya 1992 sishauri.

Ukifika kwa muuzaji

"Kaka, hii haijaguswa, imeshuka kwenye kontena juzi." Sawa, lakini iwashwe ikiwa ya baridi. Gusa blok kwanza. Ikiwa na moto kabla hujafika, wameipasha ili isikuonyeshe ugumu wa kuwaka. Ikishawaka, fungua kifuniko cha oili, kigeuze na ukiweke juu ya tundu lake bila kufunga. Kikitetemeka kidogo, hamna neno. Kikirushwa, au moshi ukitoka kwa kusukuma, ringi zimekwisha. Chungulia matundu ya maji: kutu nyekundu nene maana yake ilitembea na maji matupu bila kulenti. Kama inawezekana, toa plagi za kupasha upime kompresheni. Silinda moja ikiwa chini sana kuliko wenzake, ondoka.

Injini za L (2L, 3L na 5L) na 1KZ-TE zote zina mkanda wa taimingi, na Toyota huweka ukomo wa kilomita 100,000. Hujui uliopo umekwenda ngapi. Badilisha mkanda na bearingi yake, sili ya nyuma ya krenki na klachi wakati injini iko nje, maana baadaye utalipa ufundi mara ya pili. Nozeli zipelekwe kupimwa.

Na risiti iandikwe namba ya injini, ile iliyogongwa kwenye blok, isomwe mbele yako. Namba hiyo imo kwenye kadi ya gari, hivyo mabadiliko yanapelekwa TRA kwa Tanzania na NTSA kwa Kenya, gari likakaguliwe. Blok ambayo namba yake imesagwa kwa grainda usiinunue hata ikipigwa bei ya nusu. Hutaweza kuisajili, na siku ya kuuza gari mnunuzi ataikuta.