Pengo la Mji Mkongwe: kuiga ya kale au kujenga kisasa?

Nyumba ikianguka Mji Mkongwe, Zanzibar, ambao ni urithi wa dunia tangu 2000, wengi hujaza pengo kwa kuiga ya kale: mlango wa nakshi mbele, nondo na zege ndani. Kwa picha inapendeza. Ila plasta ya saruji ikipakwa hadi ukuta wa jirani, wa mawe na chokaa, hufungia unyevu, naye ndiye anayeumia.

Kujenga kisasa waziwazi hakudanganyi mtu, na zege hutoa kumbi pana ambazo boriti za mikoko hazikuruhusu. Tatizo ni tamaa ya ghorofa: jengo jipya kando ya Mambo Msiige, jumba la kale la ufukweni, liliwatia wasiwasi UNESCO kwa ukubwa wake. Hata hivyo nachagua usasa, mradi usiwazidi majirani kimo, na baraza la nje liwepo.