RRR: saa tatu za mapigano na hakuna aliyetoka kibandani

Nimeitazama RRR mara tatu sasa. Ya kwanza ilikuwa kwenye kibanda umiza huku Majengo, Moshi, kiingilio shilingi 500, mabenchi yamejaa mpaka mlangoni. Ya pili niliwekewa kwenye flashi nikaitazama nyumbani na mke wangu. Ya tatu niliitazama usiku kwenye simu, peke yangu, maana kuna kitu nilitaka kukielewa: muvi ya uzalendo, ya nchi isiyo yangu, inayozidi saa tatu, imewezaje kutonichosha?

Muvi za kizalendo kwa kawaida zinanishinda. Mtu anasimama juani anahutubia, muziki unapanda, bendera inapepea, ukigeuka pembeni jirani yako keshasinzia. Hii ilitoka mwaka 2022, imeongozwa na S. S. Rajamouli, na ingawa mtaani tunaiita ya Kihindi, lugha yake ya asili ni Kitelugu. Imechukua wapiganaji wawili wa kweli, Alluri Sitarama Raju na Komaram Bheem, ikawatungia urafiki ambao kwenye historia haupo. Raju aliuawa 1924, Bheem 1940. Ujue hilo mapema, usije ukabishana na watu kijiweni ukidhani umetoka kwenye somo la historia.

Mwanzoni kabisa, mke wa gavana wa Kiingereza anavutiwa na binti mdogo wa kijijini, Malli, anayemchora mkononi huku akiimba. Mama wa mtoto anatupiwa sarafu. Anadhani wametunzwa kwa ajili ya wimbo, kumbe ndiyo bei, mtoto keshanunuliwa. Analikimbilia gari akilia. Askari ananyanyua bunduki, gavana anamzuia: risasi hiyo imetengenezwa Uingereza, imevuka bahari, imegharimu pauni nzima, utaimalizaje kwa mtu kama huyu? Basi linaokotwa gogo, mama anapigwa nalo kichwani.

Mbele yangu alikaa mtoto wa kama miaka 12, anatafuna muwa. Gogo lilipotua aliacha kutafuna. Kipande kikabaki shavuni, hakukitema wala hakukimeza, mpaka picha ikahamia kwingine.

Hapo ndipo muvi ilipotukamata. Kuanzia dakika ile kibanda kizima kilikuwa kinamdai yule gavana, na kila ngumi iliyofuata tuliihesabu kama sehemu ya malipo. Nimetazama muvi nyingi ambazo watu wanapigana tangu mwanzo hadi mwisho na bado nikachoka, kwa sababu sikujua nani anamdai nani. Sitakwambia risasi ya pauni moja inaishia kwa nani. Nitasema tu kwamba ilipotajwa tena mwishoni, watu walisimama juu ya mabenchi.

Katikati ya pambano la ikulu, pale lori linapofunguliwa na chui milia, chui na wanyama wengine wakaruka juu ya wageni wa gavana, umeme ulikatika. Tulikaa gizani kama dakika 40. Joto, jasho, watoto wanabanwa na mkojo. Hakuna aliyedai hela yake. Mwenye kibanda, ambaye kama wenye maduka wote huku tunamwita Mangi, alipita na tochi kuuliza kama tuahirishe mpaka kesho, akajibiwa kwa kelele moja tu: "Hapana!"

Tukio lililonifundisha zaidi kuhusu uzalendo wa muvi hii ni la darajani. Treni inawaka moto, mtoto amenaswa mtoni chini yake. Ram, yaani yule Raju, yuko juu ya farasi, Bheem juu ya pikipiki, hawajawahi hata kusalimiana. Wanafunga kamba moja, kila mmoja anajirusha upande wake wa daraja, wanapishana hewani. Ram ameshika bendera ya wapigania uhuru, imelowa maji. Bheem anamrushia mtoto, Ram anamrushia bendera, na Bheem anajifunika nayo anapita motoni. Nilirudia kipande hicho kwenye simu mara nne. Hakuna aliyesema neno kuhusu nchi, lakini umeiona bendera ikimkinga mtu asiungue. Hotuba gani ingekufikisha hapo?

Hata ngoma yao wameipiga kama pambano. Ule wimbo wa Naatu Naatu, uliopata Oscar mwaka 2023, ni vita ya miguu: vijana wawili wanashindana na Waingereza kucheza mpaka Waingereza mmoja mmoja wanaanguka vumbini. Mke wangu, ambaye damu hapendi kabisa, aliniambia nirudishe nyuma pale mara mbili.

Halafu linakuja lile la viboko. Bheem amefungwa hadharani, anaamriwa apige magoti, na anayemchapa ni Ram mwenyewe, rafiki yake, ambaye ni polisi wa Waingereza, kwa mjeledi wenye miiba. Kibandani kulikuwa na mzee mmoja wa mtaani kwetu ambaye kwa kawaida huja kuangalia mpira tu. Akasema taratibu, "Hamsa ishirini."

"Babu, ndiyo nini hiyo?" kijana mmoja akamuuliza.

"Viboko ishirini na tano, mjukuu wangu. Mjerumani aliwachapa babu zetu hivyo hivyo, watu wakitazama."

Sikuweza kuitazama muvi kwa jicho lile lile tena. Siku isiyo na mawingu, kutoka pale Majengo unaiona miteremko ya Old Moshi. Huko ndiko Mangi Meli, mangi wa kweli kwa maana ya chifu wa Wachaga, alikowashinda Wajerumani mwaka 1892, kamanda wao von Bülow akafa, wakarudi 1893 na nguvu kubwa zaidi wakamshinda. Tarehe 2 Machi 1900 walimnyonga pamoja na viongozi wenzake. Inaaminika kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, na familia yake imekitafuta kwa miaka mingi. Mtoto yule wa muwa, akijua habari hiyo ilivyo, angeacha kutafuna tena. Natamani sana mtengeneza muvi wetu mmoja aichukue, aanze na ushindi wa 1892, atuonyeshe deni lenyewe kwa macho, na asiogope mapigano. Mapigano ya kweli yamo humo tele.

Kasoro zipo na siwezi kuzifumbia macho. Wanawake wamewekwa pembeni: Sita, mchumba wa Ram, aliyeigizwa na Alia Bhatt, anasubiri zaidi kuliko anavyotenda. Kitu kingine kimenikaa vibaya kabisa. Mwishoni Bheem anaulizwa anataka nini, anaomba afundishwe kusoma. Kusoma ni jambo jema, lakini huyu ndiye aliyemtibu mwenzake sumu ya nyoka kwa dawa za msituni. Ilifaa na Ram naye aombe kufundishwa hilo. Na damu ya kwenye viboko ni nyingi mno kwa watoto wadogo. Pale kibandani walikuwepo wa miaka sita na saba, na mimi naona si sahihi. Wa kwangu hataiona mpaka afike sekondari.

Kwangu ni nyota nne kati ya tano. Nakala tuliyoona kibandani ilikuwa ya kutafsiriwa, na DJ aliifanya kazi nzuri kwenye mapigano, sauti yake inakupandisha mori. Lakini Bheem anapochapwa anaimba, na wimbo ule ndio unaowaamsha wananchi wote waliozunguka uwanja. DJ aliongea juu yake mwanzo hadi mwisho, nami nilikuja kuusikia kwenye simu wiki mbili baadaye. Kwa hiyo tafuta nakala yenye maandishi chini, na mkiitazama wengi, mwanaume akishafungwa mikono miwili, waombe watu wanyamaze.