Lenzi ya mkono ya mara 10: kwa anayependa majani, inunue

Nafundisha baiolojia sekondari huku Muheza. Lenzi hii ya chuma niliinunua Tanga mjini kwa ajili ya kwenda na wanafunzi msitu wa Amani. Kioo ni safi hadi pembeni na hakibadilishi rangi. Chukua jani la Saintpaulia, lile ua la zambarau la Usambara lililofika Ulaya miaka ya 1890: utaona vinyweleo, vingine virefu vimesimama wima, vingine vifupi vimelala. Kwa muda mrefu wataalamu walitenganisha spishi zake kwa vinyweleo hivyo. Baadaye DNA ikaonyesha kuwa Saintpaulia wote wamo ndani ya jenasi (kundi la spishi za ukoo wa karibu) ya Streptocarpus, na mwaka 2015 wakahamishiwa humo rasmi. Hapo ndipo wanafunzi wangu huchangamka, maana baadhi ya ndugu zao wa Streptocarpus huishi na jani moja tu maisha yote! Mche huota na majani mawili, moja likaendelea kukua, jingine likadumaa.

Kamba iliyokuja nayo ni dhaifu. Weka ya katani. Kwa darasa zima nunua hata tatu, watoto huigombania.