Stendi ya Usukani wa Gemu kwa Mtu wa Tanga: Ipi Ununue, Ipi Uiache

Kona ya kwanza ya Monza, uwanja wa mbio za magari wa Italia, ndiyo iliyonifumbua macho. Magari ya Formula 1 huifikia yakiwa na mwendo wa zaidi ya kilomita 300 kwa saa, halafu dereva anakanyaga breki kwa mguu wake wote. Nami nikakanyaga, chumbani kwangu Makorora, kwenye usukani wa gemu wa Logitech G29 uliofungwa juu ya stendi. Breki ya G29 ina mpira mgumu ndani, haizami mpaka uisukume kwelikweli. Stendi ikateleza mbele juu ya taili, kiti changu cha matairi kikarudi nyuma, gari likapitiliza kona. Wiki nzima nilidhani sijui kuendesha. Kumbe stendi ilikuwa inanikimbia.

Muuzaji alikuwa ameisifia kwa uzito. Lakini stendi nyingi za kukunja hazifiki hata kilo 15, na mguu wa mtu mzima unasukuma kilo 30 bila kutoa jasho. Uzito peke yake hauwezi kukuokoa. Swali la kuuliza kabla hujatoa hela ni hili: nikikanyaga breki, nguvu ya mguu wangu inaishia wapi? Kama pedali na kiti vimeshikana, kwa chuma au hata kwa kamba, mguu unasukuma mbele, mgongo unasukuma nyuma, na nguvu hizo mbili zinamalizana hapohapo. Kama havijashikana, unategemea sakafu, na sakafu ya taili haishiki kitu.

Usukani nao una nguvu zake. G29 inavuta kwa nyutoni-mita (kipimo cha nguvu ya kuzungusha) 2 na kidogo, ambayo mkononi ni kama kilo 1 na nusu kwenye ukingo wa usukani. Stendi ya kawaida inaibeba. Ukipanda kwenye usukani unaokaa moja kwa moja juu ya mota, kama Moza R5 wa nyutoni-mita 5.5, au Fanatec CSL DD inayofika 8 ukiinunulia adapta yake kubwa ya umeme, mambo yanabadilika. Nyutoni-mita 8 ni kama kilo 5 zimening'inizwa upande mmoja wa usukani, mara zinahamia upande wa pili, tena kwa ghafla. Kiungo chenye pleyi kidogo tu, yaani kinachochezacheza, kitaanza kugonga, na ule mtetemo mdogo unaokuambia tairi inaanza kuteleza utapotelea kwenye chuma kabla haujafika kiganjani.

Kwa hiyo hivi ndivyo ninavyozipanga.

Ya kwanza: ya kuchomelewa na fundi

Kwa mtu mwenye chumba chake na asiyehama kila mwaka, sijaona inayoishinda. Mafundi wanaotengeneza mageti na grili za madirisha, pale Ngamiani kwenye barabara za namba na kwingineko mjini, wana kila kitu kinachohitajika. Mwambie akupe pipe ya mraba ya inchi moja na nusu, unene wa milimita 1.5. Huuzwa kwa urefu wa karibu mita 6, na nzima ina kama kilo 10. Ukipima vizuri, pipe moja inatoa karibu stendi nzima. Sisitiza nguzo mbili, moja kila upande. Nguzo moja ya katikati hujipinda usukani unapovuta, na inakaa katikati ya miguu, ukitaka kukanyaga breki kwa mguu wa kushoto unaigonga.

Nenda na usukani na pedali zenyewe, usiende na picha ya kwenye simu. Na kabla ya kwenda, kaa kwenye kiti utakachotumia, mikono mbele kama unaendesha, mwombe mtu wa nyumbani apime kutoka sakafuni hadi usawa ambao magoti hayagusi. Kwangu mimi, kiti kina sentimita 45 na bamba la kufungia usukani liko sentimita 68. Wewe utakuwa na vipimo vyako.

Nilipofika kwa fundi nilimwomba iwe ya kukunja. Akaweka grainda chini.

"Kijana wangu," akasema, "kila unapoweka bawaba umeweka mahali pa kuyumba. Chagua kimoja."

Nikachagua isikunjwe. Kinachosogea ni sehemu ya pedali tu: pipe ndogo inaingia ndani ya kubwa, nati zimechomelewa juu, boliti mbili zinakaza. Ziwe mbili. Moja inabana, lakini pipe ya ndani bado inachezacheza kama mkia. Ya pili ndiyo inayoua pleyi.

Usitumie vile vibanio vya plastiki vya kubania mezani. G29 na ndugu zake G920 na G923 zina matundu mawili ya boliti kwa chini, ya milimita 6. Dukani omba boliti ya spana namba 10, watakuelewa mara moja. Urefu wake uupime kwa njiti ya kiberiti: izamishe kwenye tundu mpaka igote, weka alama kwa ukucha, jumlisha unene wa bamba, kisha punguza kidogo. Boliti ikizidi urefu itagota kabla haijabana, na ukiilazimisha unapasua kitako cha usukani.

Kuhusu kiti, jibu liko hapahapa Tanga: kamba ya katani. Funga miguu ya kiti kwenye pipe ya pedali, kamba ikazwe ukiwa umekaa. Nilijaribu kwanza ule mpira wa kufungia mzigo kwenye baiskeli, ukawa unanyumbuka, kila breki kiti kinarudi nyuma sentimita kadhaa na kunirudisha tena. Katani hainyumbuki hivyo. Tangu nilipoifunga, mguu wangu umejua breki inaanzia wapi na inaishia wapi, na hilo ndilo linalopunguza sekunde, kuliko usukani wa bei mbaya.

Jambo moja usilisahau: hewa ya bahari. Ukiwa Raskazone, Sahare au popote upepo wa chumvi unapofika, chuma kisichopakwa rangi kinaanza kutu upesi. Fundi apake ya kuzuia kutu kabla ya ile ya urembo, hasa kwenye maungio, na midomo ya pipe izibwe vifuniko vya plastiki. Kutu inayoanzia ndani huwezi kuiona.

Ya pili: ya kukunja ya kiwandani, yenye bamba la pedali

Kwa mpangaji wa chumba kimoja, hii inapanda kuwa ya kwanza. Unaikunja, unaisimamisha nyuma ya mlango, godoro la mgeni linapata nafasi. Majina ya kuaminika ni GT Omega ya Uingereza, Next Level Racing ya Australia na Wheel Stand Pro ya Poland. Tafuta yenye bamba la pedali lililoungwa kwenye nguzo, yenye boliti za kukaza kwa spana au alenki. Ile inayokazwa kwa vitasa vya plastiki vya mkono italegea, na wewe utaendelea kukaza mpaka kitasa kipasuke. Kamba ya katani itahitajika hapa pia.

Nyingi zinafika Dar kwanza, kisha zinakuja na basi hadi stendi ya Kange. Fungua boksi palepale, hesabu boliti na karatasi ya maelekezo mkononi, ndipo usaini.

Ya tatu: kiti cha kukunja

Playseat Challenge, ya Waholanzi, ina kiti, usukani na pedali kwenye fremu moja, kwa hiyo tatizo la breki limekwisha. Naipenda kwa hilo. Nimeiweka ya tatu kwa sababu huko nje inauzwa kati ya dola 200 na 300 kabla ya usafiri, unakaa chini mno, kuingia na kutoka ni kazi, na mikono ya fremu inayobeba usukani inanesa ukiweka mota kubwa. Kwa G29 inatosha sana. Mzee wako wa miaka 60 akitaka kujaribu, mwandalie mkono wa kumnyanyua.

Fremu ya alumini, na meza

Kama una mota ya nyutoni-mita 8 na chumba cha ziada, fremu ya alumini ya milimita 40 kwa 80 haina mpinzani kwa uimara. Ila inakula nafasi ya kitanda. Sina zaidi la kusema juu yake.

Meza watu wanaidharau bure. Meza nzito ya mninga, iliyosukumwa ukutani, inashinda stendi dhaifu. Weka ubao kati ya pedali na ukuta, ukuta ndio utakaopokea mguu wako. Kitabaki kiti tu cha kuzuia. Na kama gemu yako ni Euro Truck Simulator 2, unaendesha malori kwa utulivu, usinunue stendi kabisa mwanzoni. Breki za namna ile hazikanyagwi kwa hasira.

Ya kuacha

Zile nyembamba zenye umbo la X, kama stendi ya kinanda, zinazoshikiliwa na boliti moja katikati. Ndizo za bei rahisi kuliko zote na picha zake mtandaoni zinavutia. Pedali zake hukaa sakafuni zikiwa hazijaungwa na chochote. Yangu ya kwanza ilikuwa hiyo.

Ukipata ya mtumba, usiijaribu kwa kuitazama. Shika bamba la usukani kwa mikono miwili, lisukume mbele na nyuma kama unatikisa mlango, na mwenzako aweke kidole kwenye kiungo. Kidole kinasikia pleyi kuliko macho. Halafu fungua boliti moja, yoyote, uangalie nyuzi zake. Zikiwa zimelika na zimekuwa laini, mwenye nayo amekuwa akikaza kila siku, na wewe utafanya hivyohivyo.