Soksi za kilti: akriliki au sufu yenye nailoni?

Anayejinunulia kilti, ile sketi ya kiume ya Scotland, hufikia soksi mwishoni, fedha ikiwa imeishia kwenye vazi lenyewe. Hapo ndipo akriliki, nyuzi za viwandani zinazofanana na sufu, humvutia. Bei yake ni ya chini, zimejaa katika maduka ya watalii pale Royal Mile, Edinburgh, na hazisumbui kufua. Kwa harusi ya saa chache zinatosha kabisa.

Ukizivaa mara kwa mara, mambo hubadilika. Soksi ya kilti hufika chini kidogo ya goti, na ukingo wake hukunjwa kuficha mkanda wa lastiki wenye vile vipande vya rangi vinavyoning'inia. Kwa hiyo mguu wote uko machoni pa watu. Akriliki huota vinundu, hulegea kwenye shavu la mguu, na jasho hukosa pa kwenda. Mpiga zumari anayeandamana na bendi mchana kutwa atakueleza.

Sufu yenye nailoni ni ghali zaidi, lakini hapo ndipo ningeweka pesa yangu. Sufu hufyonza unyevu mwingi kabla hujahisi majimaji; nailoni hulinda kisigino na vidole. Soma lebo, utafute sufu asilimia 60 au zaidi. Sufu tupu? Nzuri, ila hutoboka mapema. Ifue kwa maji baridi, uianike ikiwa imelazwa.

Rangi nayo: nyeupe zinanikumbusha mavazi ya kukodi. Jozi moja ya kijivu au kijani iliyokolea hukubaliana na tartani nyingi, yaani vile vitambaa vya miraba vya kilti.